Kuchora Majengo ya Kale ya Nairobi kwa Rangi za Maji Juu ya Karatasi ya Rangi: Mwongozo Kamili

Mtu anayechora jengo la mawe kwenye karatasi nyeupe hutumia muda wake mwingi kuua weupe. Anapaka ukuta, anapaka barabara, anapaka anga, na akifika kwenye kivuli chenyewe, kile kilichomfanya asimame pale, karatasi imechoka na yeye amechoka. Karatasi iliyotiwa rangi kabla ya kuanza inamwondolea mzigo huo. Rangi ya karatasi ndiyo ukuta. Unachoongeza ni vitu viwili: kivuli, kwa rangi za maji, na jua, kwa guashi nyeupe kidogo, yaani rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga. Ukijikuta unapaka kitu cha tatu, weka brashi chini kwanza.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mchoraji Mwingereza J.M.W. Turner aliitumia kwenye karatasi ya bluu alipokuwa akichora mito ya Ufaransa katika miaka ya 1830, na David Roberts, mchoraji Mskoti aliyezuru Misri mwaka 1838 na 1839, alichora mahekalu mengi juu ya karatasi ya kijivu au ya hudhurungi. Ukitazama kazi za Roberts utaona sehemu kubwa ya jiwe hakuligusa kabisa. Nairobi tuna jua kali na mawe mengi pia, kwa hiyo njia hii inatufaa.

Jengo lipi uanze nalo

Mji huu ulizaliwa na reli mwaka 1899, kwa hiyo majengo yake makongwe yana miaka mia moja na kidogo. Mengi yamejengwa kwa jiwe la kijivu la volkano lililochimbwa katika machimbo ya karibu, na hiyo ni bahati kwa mchoraji: jiwe hilo si jeupe wala si jeusi, liko katikati kabisa, mahali ambapo karatasi ya rangi hufanya kazi vizuri.

Ushauri wangu ni uanze na Maktaba ya McMillan, Banda Street. Ilifunguliwa mwaka 1931, ikajengwa na Lady Lucie McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan, na hadi mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ina ngazi pana, simba wawili wa mawe, na safu ya nguzo zenye giza nyuma yake. Mwanga na giza vimepangwa wazi, na hutapata somo rahisi zaidi la njia hii katikati ya mji.

Jirani yake ni Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, wenye kuba tatu za rangi ya fedha na minara miwili. Ni mzuri mno, na ndiyo maana kila mtu hukimbilia kuuanza. Usikimbilie. Kuba ni mviringo unaoonekana kwa chini, na mviringo ukikosewa kidogo tu msikiti mzima unaonekana umelegea. Urudi huko ukishazoea.

Msikiti wa Khoja ulio Moi Avenue, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, una jiwe jeusijeusi, na unataka karatasi nyeusi kidogo kuliko kawaida. Kipande House na Nairobi Gallery, ile iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, zote za mwaka 1913, zinafaa kwa mtu anayependa madirisha na paa. Jumba la Nyaraka za Taifa lina nguzo nzuri lakini mbele yake watu hawaishi kupita, na utatumia nusu ya muda ukisubiri mtu asogee. All Saints, lile kanisa kuu ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, ni la mtu mwenye subira. Lina matao ndani ya matao. Kwa anayechoka na mawe, Makumbusho ya Reli yana mabati ya zamani na chuma, na mabati ni raha tupu juu ya karatasi ya kahawia.

Neno moja kuhusu askari. Karibu na majengo ya serikali, mtu aliyeketi akitazama mlango kwa muda mrefu huulizwa maswali, na ni haki kuulizwa. Usingoje akufuate. Ukifika tu, msalimie aliye mlangoni: "Mkubwa, habari ya kazi? Niko hapo ng'ambo, nachora tu hili jengo, sipigi picha." Mwonyeshe daftari. Mara nyingi atakuja baadaye kuangalia umefika wapi. Akikataa, toka, jengo jingine liko hatua mia mbele.

Jua na saa

Wengi hurukia vifaa, lakini hapa ndipo mchoro unapoamuliwa.

Nairobi iko takriban digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua la saa sita mchana husimama karibu utosini mwezi Machi na Septemba, huelekea kaskazini mwezi Juni, na kusini mwezi Desemba. Kwa mchoraji maana yake ni hii: ukuta unaotazama kaskazini hupata jua la mchana kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, na ukuta unaotazama kusini huupata miezi iliyobaki. Tatizo ni kwamba Juni hadi Agosti ndiyo miezi yetu ya mawingu na baridi, kwa hiyo kuta za kaskazini unazivizia. Asubuhi yenye jua la Julai ikitokea, acha mengine uende.

Vitabu vingi vilivyoandikwa ng'ambo vinakataza kuchora mchana kwa sababu vivuli vya chini ni vifupi. Kwa majengo yetu ushauri huo ni nusu tu ya ukweli. Jua likipanda, kivuli cha ukingo wa paa hurefuka kuteremka ukutani. Saa nne na nusu asubuhi ukuta wenye jua huwa na mkanda mpana wa kivuli chini ya ukingo, na kila dirisha lina kope yake. Mkanda huo ndio unaolipa jengo uzito. Saa za kuanza ni saa mbili na nusu hadi saa tano, kisha tena saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja. Saa sita kamili ukuta unaonekana bapa kweli, basi kanywe chai.

Jua husogea digrii kumi na tano kwa saa. Ukikaa saa moja na nusu, kivuli ulichokiona ulipofika hakipo tena. Kwa hiyo dakika kumi za kwanza, kabla ya kuchora dirisha hata moja, weka alama za penseli kuonyesha kivuli kinaishia wapi. Ukishaweka, usizibadilishe hata kama jengo limebadilika mbele yako.

Vifaa

Karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba, A4 au A3. Ya pamba ni bora kwa sababu inavumilia kusuguliwa, lakini ni ghali. Ya kawaida inatosha kujifunzia. Manila ya dukani na karatasi ya kaki ya kufunikia vitabu vya shule zinafaa kwa mazoezi ya nusu saa, na kaki hasa ina rangi nzuri ajabu. Ila ni nyembamba, zinajikunja zikilowa, na baada ya muda hubadilika rangi na kukatika. Usichore juu yake kitu unachotaka kukihifadhi.

Rangi nne zinatosha. Majina ya kwenye tyubu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo soma namba ya rangi iliyoandikwa ubavuni kwa herufi ndogo: ultramarini (PB29), siena iliyochomwa (PBr7), oka ya njano (PY43 au PY42), na guashi nyeupe ya titani (PW6). Angalia hapo kwenye PBr7 usome na jina pia, maana namba hiyohiyo hutumika kwa siena mbichi na kwa amba, ambazo ni rangi nyingine. Nyeupe ya zinki (PW4) pia ipo. Inapitisha mwanga zaidi, nzuri kwa ukungu na anga, dhaifu kwa jua kali. Ukiweza kununua moja tu, nunua ya titani.

Brashi tatu: bapa ya upana wa inchi mbili kwa kutia karatasi rangi (ya hadiwea inafaa, ilimradi haidondoshi nywele), ya mviringo namba 8 au 10, na ndogo namba 2 au 3 kwa guashi peke yake. Usichanganye hiyo ya mwisho na nyingine. Penseli ya HB au 2B, raba laini, ubao, tepu ya karatasi, vikebe viwili vya maji, kitambaa cha zamani. Maji ya kuoshea brashi ya guashi yawe kwenye kikebe chake, la sivyo kila kivuli utakachopaka kitakuwa na vumbi la chaki ndani yake.

Hatua ya kwanza: kutia karatasi rangi

Unaweza kununua karatasi iliyotiwa rangi kiwandani, lakini nyingi zimetengenezwa kwa penseli na makaa, si kwa maji. Jitengenezee nyumbani, tano au sita kwa mara moja, usiku kabla ya siku ya kuchora.

Bandika karatasi kwenye ubao kwa tepu pande zote nne. Changanya rangi ya majimaji kwenye kikombe, nusu kikombe cha chai kwa karatasi ya A3. Inaonekana nyingi, lakini ikiisha katikati ya karatasi hutaipata tena rangi ileile. Inua upande wa juu wa ubao kidogo kwa kitabu. Lowesha brashi bapa hadi ijae, vuta mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia juu kabisa, uone ile michirizi ya rangi iliyokusanyika kwenye ukingo wa chini. Mstari wa pili uguse michirizi hiyo na kuivuta chini. Endelea hivyo hadi mwisho, kisha kausha brashi na unyonye maji yaliyobaki pale chini. Usirudi juu kurekebisha. Alama moja ya brashi hugeuka ukuta wenye historia. Ukiirudia mara tatu inageuka doa.

Rangi ipi? Jiwe la kijivu juu ya karatasi ya kijivu hufa. Mimi hutumia kahawia yenye joto, karibu na rangi ya vumbi la murram: oka kwa wingi, siena iliyochomwa kidogo, na tone la ultramarini ili isipige kelele. Vivuli vya bluu vikikaa juu yake vinaonekana baridi, na jiwe linakuwa la kijivu machoni bila wewe kupaka kijivu. Kwa paa la vigae vyekundu fanya kinyume, karatasi ya bluu-kijivu, na vigae vitaungua vyenyewe.

Kiasi cha giza ni muhimu kuliko rangi. Ukigawa kutoka nyeupe hadi nyeusi kwa ngazi kumi, karatasi iwe ngazi ya tatu au ya nne. Kipimo chake ni rahisi: chora mstari wa chaki nyeupe na mstari wa penseli ya 6B kando kwa kando. Vyote viwili vionekane wazi kutoka upande wa pili wa meza. Chaki ikififia, karatasi bado nyeupe mno, ongeza tabaka la pili baada ya la kwanza kukauka kabisa. Penseli ikizama, umezidisha. Kumbuka rangi za maji hukauka zikiwa hafifu kuliko zilivyokuwa mbichi, kwa hiyo usihukumu kabla haijakauka.

Kuna uamuzi mmoja zaidi. Rangi za maji hulainika tena zikilowa. Ukipaka kivuli juu yake kwa brashi nzito, utakuta umeichimbua rangi ya chini. Wengine hukwepa hilo kwa kutumia akriliki iliyozimuliwa sana, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji hivi. Ikikauka haitoki tena. Jaribu kwenye kipande: dondosha tone la maji, likisimama kama shanga badala ya kuzama, akriliki ni nene mno na haitakubali rangi. Mimi naipenda ya rangi za maji pamoja na udhaifu wake, kwa sababu naweza kulowesha ukingo wa nguzo, kusubiri kidogo, na kunyonya kwa kitambaa nipate mwanga laini ambao guashi haiwezi kuutoa.

Kahawa na chai hutia karatasi rangi nzuri, na watu wanapenda kusimulia kwamba wametumia kahawa ya Nyeri. Hutoka ikilowa na hufifia ikikaa kwenye mwanga. Itumie kwa mazoezi.

Hatua ya pili: penseli

Ukipata nafasi, kaa mbali na jengo angalau mara mbili ya kimo chake, ndipo nguzo zisimame wima bila kuonekana zinaegemeana. Ukikosa nafasi hiyo mjini, usilazimishe jengo zima liingie. Chukua pembe moja: simba mmoja, ngazi, nguzo mbili tatu na giza lililo nyuma yake. Mchoro wa kipande kilichotazamwa vizuri hushinda jengo zima lililobanwa.

Anza na mstari wa macho yako. Ukiwa umeketi kwenye kiti kidogo, macho yako yako mita moja na kidogo juu ya ardhi, basi mstari huo unakata mlango mahali pa chini kuliko unavyodhani. Mistari yote ya jengo iliyo juu ya macho yako na inayokwenda mbali huteremka kuuelekea. Iliyo chini yake hupanda. Mistari ya wima iache wima.

Pima kwa penseli mkono ukiwa umenyooka, jicho moja limefumbwa. Upana wa jengo lote unaingia mara ngapi kwenye kimo? Nguzo moja ni sehemu ngapi ya ukuta? Andika uwiano huo pembeni ya karatasi. Chora sanduku kubwa kwanza, kisha pembetatu ya paa la mbele kama ipo, kisha ngazi. Kwenye safu ya nguzo chora nafasi zilizo kati yake. Jicho linajua nguzo inapaswa kuonekanaje na litakudanganya. Nafasi tupu halina maoni juu yake, kwa hiyo utaichora jinsi ilivyo. Na nafasi hizo ndizo utakazopaka, kwa hiyo ni faida mara mbili.

Usichore mawe mojamoja. Usichore fremu za madirisha. Usifute sana pia, raba ikisuguliwa kwenye karatasi iliyotiwa rangi huacha bonde linaloonekana baadaye.

Hatua ya tatu: kivuli

Changanya ultramarini na siena iliyochomwa. Ukizidisha bluu unapata kivuli baridi, ukizidisha siena unapata giza la ndani ya mlango. Kwa mchanganyiko huu mmoja nimechora majengo mengi bila kugusa rangi ya tatu. Ultramarini huacha chembechembe kwenye mashimo ya karatasi, na chembechembe hizo zinafanana na jiwe kuliko kitu chochote unachoweza kuchora kwa makusudi.

Funga jicho nusu utazame jengo hadi madirisha yapotee na yabaki mapande mawili, la jua na la kivuli. Paka pande la kivuli lote kwa pumzi moja: mkanda ulio chini ya ukingo wa paa, ubavu wa jengo usio na jua, giza la nyuma ya nguzo, vyote vikiwa vimeungana. Tumia brashi kubwa yenye maji mengi. Watu hukosea wakipaka kila kivuli peke yake, kidogo kidogo, na jengo linakuwa viraka.

Rangi ikiwa bado mbichi, dondosha siena kidogo sehemu ya chini ya kivuli. Ukuta ulio kivulini hupokea mwanga unaoruka kutoka barabarani, kwa hiyo sehemu yake ya chini huwa na joto na sehemu ya juu huwa na bluu. Ni tofauti ndogo, lakini kivuli kisichokuwa nayo kinaonekana kama rangi iliyomwagika.

Sasa nguzo moja, kwa karibu. Tuseme jua linatoka kushoto. Ukingo wa kushoto uache kwa ajili ya guashi baadaye. Unaofuata ni karatasi tupu, karibu theluthi ya upana. Kisha vuta mkanda wa kivuli kutoka juu kwenda chini, lakini usiufikishe ukingo wa kulia: acha uzi mwembamba wa karatasi tupu hapo, ndio mwanga uliorudi kutoka sakafuni. Giza zito la nafasi iliyo nyuma likishakauka kando ya uzi huo, nguzo inazunguka yenyewe. Simba naye ni vilevile: paka kivuli cha chini ya kidevu, cha chini ya tumbo na cha kati ya miguu, usimguse mgongoni. Manyoya ya shingo yake ni mistari mitatu minne ya brashi iliyokaribia kukauka.

Acha likauke. Januari na Februari ni dakika chache, hewa yetu ya juu ni kavu. Julai subiri, huchukua muda wake.

Tabaka la pili ni la giza la kweli tu: ndani ya mlango, ndani ya madirisha, mstari chini ya kila ngazi. Rangi iwe nzito, maji kidogo. Madirisha yasifanane, moja lijae giza, jingine lififie chini, la tatu liache nusu. Likiwa na pazia, au mtu wa ofisini amelifungua, jengo linakuwa na watu ndani bila kuwachora.

Hatua ya nne: jua

Hadi hapa mchoro unaonekana umelala. Guashi ndiyo itakayouamsha, na pia ndiyo itakayouharibu ukiizidisha.

Toa guashi kidogo kama punje ya hindi. Ichanganye na oka kidogo sana. Jua letu la asubuhi si jeupe, na nyeupe tupu juu ya kahawia hugeuka ya bluu machoni. Uzito wake uwe kama mala: imwagike, lakini polepole. Ikiwa nyepesi mno itazama ikikauka, na utajikuta unarudia. Guashi hafifu hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kinyume na rangi za maji, basi ipake iwe angavu kuliko unavyotaka.

Iweke mahali jua linapopiga moja kwa moja na pembe inapogeuka: ukingo wa juu wa ngazi, ukingo wa kushoto wa nguzo, sehemu ya juu ya ile pembetatu, kichwa na mgongo wa simba. Usiijaze sehemu yote yenye jua. Ukuta wenye jua ni karatasi tupu. Guashi ni pale tu jua linapouma. Ukiona zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mchoro ni nyeupe, umeshapita. Nyeupe tupu isiyochanganywa iweke mahali pamoja tu, kwa mfano kipaji cha simba, na karibu yake liwe giza zito kuliko yote.

Sehemu za bapa zinazotazama anga, kama ngazi zikiwa kivulini, hupokea mwanga wa anga wala si wa jua. Hapo guashi ichanganywe na tone la ultramarini. Watu wengi hawaoni tofauti hii, lakini wanaona kwamba ngazi zako zinapandika.

Viungo vya mawe sasa unaweza kuvigusa, vitatu au vinne, na pale tu kivuli kinapokutana na jua. Jicho la mtazamaji litamalizia ukuta uliobaki.

Anga, watu, na ghorofa za nyuma

Anga inaweza kubaki karatasi tupu. Ukitaka paa lijitokeze, paka guashi nyepesi ya bluu hafifu kuzunguka paa peke yake, kisha ifute iishe kuelekea pembeni. Usipake anga yote, mchoro utafungwa kama ndani ya boksi.

Nyuma ya kila jengo la kale la Nairobi kuna ghorofa la vioo. Kuliondoa ni uongo, kulichora lote ni kulipa nafasi ya bibi harusi. Mistari miwili ya wima ya penseli na kivuli chepesi cha maji kinatosha. Nyaya za umeme na mabango nayo chagua. Waya mmoja unaokatiza anga huonyesha mahali pako kuliko jina la mtaa.

Watu ni rahisi kuliko wanavyosemwa, ukiukumbuka mstari wa macho. Ukiwa umeketi na uwanja ni tambarare, mstari huo unawakata watu wazima wote waliosimama pale pale, kifuani au chini yake kidogo, awe karibu au mbali. Basi weka kifua kwenye mstari, kichwa juu, miguu chini, na mtu wa mbali atakuwa mdogo kwa kipimo sahihi. Mpiga viatu rangi na sanduku lake, mama na mfuko wa maktaba: doa la giza kwa kiwiliwili, tone la guashi begani upande wa jua, kivuli chini ya miguu kielekee upande uleule wa kivuli cha nguzo. Usipake uso.

Mambo yakiharibika

Kivuli kimekuwa kizito mno: lowesha kwa brashi safi, hesabu hadi kumi, nyonya kwa kitambaa. Karatasi ikionekana nyeupe hapo chini, rudishia ile rangi uliyoitia mwanzo, kwa hiyo usiimwage iliyobaki, iweke kwenye kichupa. Guashi imeenda mahali si pake: iache ikauke, kisha iinue kwa brashi yenye unyevu, haitatoka yote, na ipake kivuli juu yake mara moja tu bila kusugua. Ukisugua utapata maziwa. Mchoro mzima umekuwa wa kijivu usio na uhai: karibu mara zote sababu ni kwamba umepaka ukuta. Chukua karatasi nyingine.

Kuhifadhi na kupiga picha

Guashi huchubuka. Usiifunike kwa vanishi, inabadilika rangi. Iweke kwenye fremu yenye kioo na fremu ya kadibodi katikati ili kioo kisiiguse. Usiitundike mahali jua la asubuhi linapoingia. Nyuma andika jengo, tarehe na saa. Saa ni muhimu, ukirudi mwaka ujao kulichora tena utajua kivuli kilikuwa wapi.

Ukiipiga picha kwa simu, kamera itajaribu kuigeuza ile kahawia kuwa nyeupe na guashi yote itaungua. Piga nje kwenye kivuli cha ukuta, weka kipande cha karatasi nyeupe kando ya mchoro, gusa karatasi hiyo kwenye skrini simu ipime mwanga wake, kisha ukate kipande hicho wakati wa kuhariri.